Majina Ukutani: Kutoka Muheza Hadi Makanisa ya Somerset

Nimerudi Muheza wiki ya tatu sasa. Daftari nililotembea nalo limevimba kwa unyevu wa Somerset, mkoa wa Uingereza, kurasa nyingine zimeshikana, na maneno mengine nayasoma kwa kukisia. Picha ziko mia mbili na kitu kwenye simu. Nimekaa barazani na vyote viwili, nikaiandika safari upya siku kwa siku, kwa ajili ya wale wanaonisimamisha mlangoni mwa kanisa kila Jumapili: "Mwalimu, huko Uingereza ulikwenda kutafuta nini vijijini?"

Nilikwenda kusoma majina ya watu waliokufa vitani. Mwanangu ni muuguzi Bristol, na mwaka jana alinitumia picha ya ukuta wa kanisa moja la kijijini huko, umejaa majina ya vijana waliokufa Vita ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918. Niliitazama picha ile nikamkumbuka Bibi, mama yake mama. Baba yake Bibi alichukuliwa kariakoo. Ndivyo wazee wetu wa Bonde, huku kwetu Muheza, walivyosema, kwa neno moja: alichukuliwa kariakoo. Waingereza walipoingia Tanga Julai 1916 walihitaji watu wa kubeba mizigo kuwafuata Wajerumani kusini. Bibi alikuwa mtoto wa mgongoni. Baba yake alipandishwa njia ya Handeni na wenzake, na tangu hapo hakuna aliyeleta habari. Hakuna barua, hakuna kaburi. Hata jina hatuna, maana Bibi alimwita "Baba" mpaka anaingia kaburini; kwetu mtoto hamtaji mzazi wake kwa jina, na sisi wajukuu hatukuwa na akili ya kuuliza.

Alhamisi 31 Oktoba na Ijumaa 1 Novemba 2024: Muheza hadi Dar es Salaam

Basi lilitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kijana muuza machungwa pale stendi, niliyemfundisha darasa la nne, alikataa hela yangu akanipa mfuko mzima. Nilitoa noti mbili za elfu kumi kwa nauli nikarudishiwa chenji. Njia ni nzuri mpaka Chalinze. Baada ya hapo foleni ya malori ilitula saa mbili na zaidi. Nililala Kariakoo kwa mdogo wangu. Watu wananunua na kuuza pale usiku na mchana, wachache wanajua mtaa umepewa jina na kambi ya wale wapagazi, ile Carrier Corps ambayo ulimi wetu uliigeuza.

Asubuhi nilikwenda mjini kutazama Sanamu ya Askari. Nimeipita maishani labda mara hamsini bila kusimama. Safari hii nilisimama. Askari wa shaba amekaza bunduki yenye singe kuelekea bandarini. Imesimama hapo tangu 1927. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, ikaondolewa. Maandishi yako kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Yanawataja askari, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wengine waliokufa. Mwishoni yanamwahidi msomaji kwamba akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Nikaizunguka mara mbili. Jina la mtu hata mmoja halimo. Kijana mng'arisha viatu alinishikia mkoba nikipiga picha, akauliza, "Mama, kuna ndugu yako hapo?" Nikamjibu kwamba huenda yupo.

Kwa atakayependa kufuata njia hii: ada ya viza ya matembezi ya miezi 6 ilikuwa pauni 115, na yangu ilitoka siku ya 19. Siku zile pauni moja ilikuwa karibu shilingi 3,500. Beba barua ya anayekualika, hati za nyumba au shamba kuonyesha una cha kurudia nyumbani, na taarifa ya benki.

Ndege ya usiku sina cha kusimulia, nililala. Wiki ya kwanza Bristol ilipita kwa baridi na kumzoea mjukuu wangu wa miaka tisa, ambaye Kiswahili anakielewa ila anajibu kwa Kiingereza.

Ijumaa 8 Novemba: Bristol hadi Frome

Mwanangu alikuwa zamu, kwa hiyo nilitangulia peke yangu. Mji unaandikwa Frome lakini hutamkwa "Frum". Mimi nilimtajia mkata tiketi kama ulivyoandikwa, tukapoteza muda. Kwenda na kurudi haikufika pauni 25. Treni niliyoikusudia ilifutwa, nikapelekwa Westbury kubadilisha, na pale nikangoja karibu saa nzima kwenye benchi la chuma. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mapaa. Katika siku kumi za mwanzo wa mwezi ule sikumbuki kuliona jua hata mara moja.

Msichana mmoja aliyekaa karibu yangu aliniona nikipuliza vidole. Akaondoka bila neno, akarudi na vikombe viwili vya chai. Alikuwa na ua jekundu la karatasi kifuani, lile wanalovaa Novemba kuwakumbuka waliokufa vitani. Nikamuuliza analivaa kwa ajili ya nani. Akasema kwa babu wa babu yake, aliyekufa Ufaransa, na jina lake liko kanisani kwao. Alilitaja lote, jina la kwanza, la kati na la ukoo, na mwaka. Mtoto wa miaka ishirini!

Gesti ya Frome ilikuwa pauni 70 kwa usiku, chai ya asubuhi ndani. Ghali, lakini mwenye nyumba aliniongezea blanketi na chupa ya mpira ya maji ya moto ya kuweka miguuni, bila kuomba.

Usiku ule nilisoma kwenye simu jambo ambalo sikulijua, na bila hilo makanisa haya hayaeleweki. Mwaka 1915 Waingereza walikataza kurudisha maiti nyumbani. Kila aliyekufa azikwe kule kule alikoangukia, awe mtoto wa tajiri au wa kibarua, na baadaye ikaamuliwa mawe ya makaburi yawe ya namna moja kwa wote. Kwa hiyo mama wa kijijini hakuwa na kaburi la kwenda kupalilia. Ukuta wa kanisa ndio ukawa kaburi. Ndiyo sababu hata kijiji cha nyumba thelathini kina kibao, na kibao kina maua mabichi miaka mia moja baadaye.

Nikaendelea kusoma, nikafika kwetu. Waliokufa upande wa Waingereza katika ubebaji mizigo wa Afrika Mashariki wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria, nimonia na chakula kisichoiva. Makaburi yao, pamoja na yale makubwa ya Dar es Salaam, wakubwa wa wakati ule waliamua yaachwe yarudi kuwa pori. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ile inayotunza makaburi ya Tanga na Moshi na Voi, ilitoa ripoti ikakiri: watu wasiopungua 116,000, na huenda mpaka 350,000, wengi wao Waafrika na Wamisri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wa wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Niliisoma mara tatu. Sikulala mapema.

Jumamosi 9 Novemba: Chantry na Mells

Mwanangu na mjukuu walifika kwa treni ya asubuhi, wamebeba chapati na maharage kwenye hotipoti. Tulichukua teksi mpaka Chantry, pauni 22. Mabasi ya vijijini yapo, na mwaka 2024 nauli ya safari moja haikuzidi pauni 2 (Januari 2025 ikapanda kuwa 3), lakini Jumamosi ni ya kubahatisha na Jumapili usiyategemee.

Chantry niliichagua kwa sababu ya ajabu. Ni kimoja kati ya vijiji ambavyo wanaume wake waliokwenda vita ile walirudi wote. Mwandishi Arthur Mee alivipa jina miaka ya 1930, nami nitaviita Vijiji vya Shukrani. Katika England na Wales, zenye maelfu na maelfu ya vijiji, vimehesabiwa 53 tu, na mkoa wa Somerset ndio wenye vingi kuliko wote.

Kanisa la Utatu Mtakatifu, lililojengwa 1846, tulilikuta limefungwa. Tuliketi kwenye ukuta wa mawe tukala chapati. Mzee mmoja aliyekuwa akikusanya majani makavu alitusogelea, pengine kutaka kujua watu weusi watatu wanakula nini penye makaburi ya kijiji chake. Nilipomweleza nilichokuja kutafuta, alivua kofia. Akasema hapa hakuna majina ya kutafuta, wote walirudi. Alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayedaiwa. Akaongeza kwamba mama yake, akienda vijiji vya jirani wiki kama hii, hakupenda kusema anakotoka.

Mjukuu wangu akauliza, "Bibi, kwa nini hawafurahi?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilifikiria mtaa wetu siku ile meli ya MV Bukoba ilipozama, 1996. Tulikuwa na jirani aliyeachwa bandarini kwa kukosa nafasi. Kwa miezi mingi alipita pembeni ya barabara, hasalimii watu kwa sauti.

Kutoka Chantry hadi Mells tulitembea kwa miguu, kama kilomita nne kwa njia tuliyopita. Angalizo kwa mwenye mpango huo: barabara ndogo za huko hazina njia ya pembeni ya mtembea kwa miguu. Zimebanwa na ua wa miti pande mbili, gari linatokea ghafla. Tembea kulia ukiyakabili magari, vaa kitu cha kung'aa, na viatu viwe vya tope. Vyangu vilikuwa vya kanisani. Pia mwezi huo jua linazama saa kumi na dakika ishirini jioni, kwa hesabu yetu ya saa, na giza la kule halina huruma. Tulipotea mara moja, tukaingia shambani kwa mtu; mwenyewe alikuja na trekta, tukadhani tutafukuzwa, kumbe alituongoza taratibu mpaka kwenye geti sahihi, trekta mbele sisi nyuma.

Mells ni kijiji cha mawe ya rangi ya asali iliyofifia. Kitu cha kwanza tulichokiona ni nguzo ya kumbukumbu kando ya njia, juu yake Mtakatifu George anamchoma joka. Aliyeichora ni msanifu majengo Edwin Lutyens, yule yule wa mnara mkuu wa vita wa London. Alikuja mwenyewe akatembea na wanakijiji kutafuta mahali pa kuisimamisha, na ilizinduliwa Juni 1921. Maneno aliyatunga mshairi Robert Bridges, na hapo waliokufa ndio wanaosema. Nimeyaandika daftarini hivi: Tulikufa katika nchi ya ugeni, tukilikabili wingu jeusi la vita, na jiwe hili limesimamishwa kwa ajili yetu katika makao ya furaha yetu.

Niliketi hapo muda mrefu. Katika nchi ya ugeni. Babu yangu yule alikufa wapi? Kama ni Rufiji, ambako mafuriko ya 1917 yaliua wapagazi kwa njaa na homa, basi ni nchi ambayo leo naiita yangu, wala sihitaji pasipoti kufika. Lakini kwake yeye, mtu wa Bonde asiyewahi kuvuka Wami, Rufiji ilikuwa ugenini kama Ufaransa ilivyokuwa kwa vijana wa Mells. Na wingu lililokuwa mbele yake halikuwa lake.

Tuliyasoma majina yote kwa sauti, kwa zamu, mjukuu akirekebisha matamshi yangu. Kati yao wamo Asquith na Horner. Raymond Asquith alikuwa mtoto wa Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati huo, akauawa vita vya Somme 15 Septemba 1916. Edward Horner alikuwa mrithi wa mwisho wa kiume wa jumba la hapo kijijini, akauawa Novemba 1917. Wameandikwa kwenye nguzo ileile na vijana wa mashambani, na mvua inawalowesha sawa.

Ndani ya kanisa la Mtakatifu Andrea mambo ni mengine. Unaingia kupitia njia yenye miti ya miyuu pande mbili, mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Sanamu ya Edward Horner juu ya farasi, ya shaba, kazi ya Alfred Munnings, imejaa chumba. Farasi ni mkubwa mpaka mtu anajikuta anasogea nyuma. Lutyens ndiye aliyechora kitako chake, na ndani ya kitako hicho wameupachika msalaba wa mti uliokuwa kwenye kaburi lake Ufaransa. Mawe ya kudumu yalipowekwa makaburini, familia ziliweza kuomba misalaba ile ya kwanza, ndiyo maana ukiingia makanisa mengi ya vijijini unaikuta ukutani, mibovu, imeliwa chini na tope la Ufaransa. Ukutani upande wa mnara kuna kumbukumbu ya Raymond: shada la shaba, na chini yake Kilatini kilichochongwa moja kwa moja kwenye jiwe na Eric Gill. Hakuna kibao. Ukuta wenyewe ndio umeandikwa.

Mwanangu hakumpenda farasi. Alisema, "Mama, wenye hela wamejiweka ndani, wengine wote nje kwenye baridi." Sikumkatalia. Ila nilimweleza nilichosoma: Frances Horner, mama yake Edward, alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mdogo alikufa kwa homa 1908. Mkubwa ndiye huyu. Na Raymond Asquith alikuwa mkwewe, mume wa binti yake. Mama yule alizeeka akiabudu katika kanisa hili mpaka 1940, na kila Jumapili farasi yupo pale. Mimi nimezika mtoto mmoja. Nilipogusa ule msalaba wa mti sikufikiria jumba wala hela.

Nyuma ya kanisa tuliliona kaburi dogo, jiwe la kawaida kabisa, la Siegfried Sassoon, mshairi aliyepigana vita ile akarudi akaisema kwa ukali. Alizikwa hapo 1967.

Supu ya viazi na mkate, pauni 8 kwa bakuli, tuliila kwenye baa ya kijijini karibu na moto wa kuni. Tulipouliza teksi tukaambiwa ni kungoja saa moja na nusu. Mama mmoja wa meza ya jirani, aliyekuwa na mumewe, alisikia, akasema wanaelekea upande huo na gari lina nafasi. Njiani akauliza safari yetu ni ya nini. Nilipomaliza kueleza, alikuwa amepaki nje ya gesti na hajazima injini. Akasema: kesho njooni kwetu. Yeye ni mzee wa kanisa wa kijiji kidogo upande mwingine wa Frome, na atatufuata mwenyewe saa tatu na nusu.

Kwa wanaopenda kufanya utafutaji wao: makanisa ya vijijini mengi huwa wazi mchana na hakuna kiingilio, ila kuna kisanduku cha sadaka, na siku hizi kuna kimashine cha kugusisha kadi. Choo ni nadra, jipange. Andika jina lolote la ukutani kwenye tovuti ya tume ya makaburi ya vita, ni bure, nayo itakuonyesha mtu yule alizikwa wapi na mara nyingi wazazi wake walikuwa nani. Tulijaribu majina manne ya Mells tukiwa kitandani usiku ule. Hata dakika moja halikuchukua jina. Nilijaribu pia kuandika "Bonde". Haikuleta kitu.

Jumapili 10 Novemba: kijiji nisichokitaja

Sikitaji kwa sababu walionipokea walinipokea kama mgeni wa nyumbani, na sikuwaomba ruhusa ya kuwaandika.

Ilikuwa Jumapili yao ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Kanisa lilikuwa na watu kama sitini, mjini wangesema halijajaa, lakini mama yule alininong'oneza kwamba Jumapili nyingine huwa kumi na wawili. Wazee wamevaa nishani. Watoto wa skauti wameshika bendera. Mfuatano wa ibada niliweza kuufuata bila kitabu, maana sisi Waanglikana wa Tanga tulilelewa na wamisheni wa UMCA pale Magila, na zaburi ni zaburi. Hata niliwaambia baadaye kwamba askofu wetu wa zamani, Frank Weston wa Zanzibar, mwaka 1916 aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi. Hawakuwa wamewahi kusikia kwamba kulikuwa na vita Afrika Mashariki.

Karibu na saa tano tulitoka nje mpaka kwenye msalaba wa mawe. Msichana wa sekondari alisoma majina ya kijiji, ya vita ya kwanza kisha ya pili, polepole, akiacha nafasi baada ya kila moja. Majina mawili yalikuwa na ukoo mmoja, yamefuatana. Kisha tarumbeta, na saa tano kamili kimya cha dakika mbili. Nilisikia kunguru. Nilisikia mjukuu wangu akivuta makamasi. Sijawahi kusimama kimya na watu nisiowajua nikahisi wote tunafanya kazi moja.

Kwetu Siku ya Mashujaa ni 25 Julai, na viongozi huweka mkuki, ngao na mashada. Naiheshimu siku hiyo. Lakini husemwa "mashujaa wetu", wote kwa mkupuo. Hakuna anayesoma: fulani bin fulani, wa Magila, alitoka hapa.

Baada ya kimya, mezani mlangoni mwa kanisa paliwekwa misalaba midogo ya mti, urefu wa kiganja, kila mmoja na ua jekundu katikati. Mtu anatoa sadaka, anaandika jina la wake, anauchomeka kwenye nyasi. Mama yule alinipa mmoja, akakataa sadaka yangu, akanipa kalamu.

Nikaishika kalamu. Watu nyuma yangu walikuwa kwenye mstari, wanangoja kwa adabu. Akaniuliza taratibu, "Aliitwa nani?"

Nilikaa miaka sitini na mbili bila mtu kuniuliza swali hilo, na lilipoulizwa sikuwa nacho cha kusema. Nilimwambia ukweli, kwamba hatujui, kwamba binti yake alimwita Baba tu. Hakusema pole. Aliutia mkono wake mgongoni kwangu akaacha hapo, na mzee wa nishani aliyekuwa nyuma yangu akasema nisiharakishe.

Mwishowe niliandika kwa Kiswahili: *Baba yake Bibi. Bonde. Kariakoo 1916.* Maandishi hayakuenea kwenye mti mwembamba, nikarudia kwenye upande wa nyuma. Mjukuu wangu ndiye aliyeuchomeka, mstari wa pili, kati ya wawili wenye majina. Akainuka, akanitazama, akasema kwa Kiswahili, jambo asilolifanya, "Bibi, umesimama vizuri?" Akimaanisha msalaba, uko wima.

Baadaye chai, keki ya karoti na biskuti kwenye chumba cha nyuma. Watu saba au wanane walikuja kuuliza kuhusu wapagazi. Mzigo ulikuwa kilo ngapi? Kama 25. Walilipwa? Waliahidiwa. Kwa nini hawakuandikwa? Hilo nilimwachia mwanangu ajibu, kwa sababu yeye Kiingereza chake hakitetemeki.

Jumatatu 11 Novemba na kuendelea

Tulirudi Bristol kwa treni ya asubuhi, bila kuchelewa. Jumla ya siku zile nne, gesti ya usiku tatu, usafiri na chakula cha sisi watatu, ilifika pauni 380. Mkifuatana wawili mkalala Bristol na kwenda na kurudi kila siku, mnaweza kuimaliza kwa nusu yake. Wiki mbili zilizobaki zilikuwa za kulea mjukuu, sina la kuwasimulia.

Yule mama ameniandikia. Misalaba huachwa nje wiki kadhaa kisha hukusanywa. Wa kwangu ameuchukua, ameuweka ndani ya kanisa, dirishani, kwa sababu wino ulikuwa unaanza kufifia.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi nilimwomba kasisi dakika tano za matangazo. Nilisimama mbele na daftari jipya la kaunta, nikasema: mwenye babu au babu wa babu aliyechukuliwa kariakoo, kwa Mwingereza au kwa Mjerumani, awe Mkristo au Mwislamu, aje aniambie kabla wazee hawajaisha. Nimesema hivyo hivyo kwenye msiba mmoja na harusi moja. Nimekwenda kwa miguu mpaka Magila kwa bibi wa miaka tisini na tatu, ambaye alinitajia mjomba wa mama yake na wimbo walioimba wakipanda njia, mistari miwili tu anayoikumbuka.

Mpaka leo zimekuja kaya sita. Majina manne kamili. Mawili ni ya ubatizo tu. La saba nimeliandika mwenyewe, kwenye mstari wake, na mbele yake nimeacha nafasi: Baba yake Bibi.